NYUMBA YA MUZIKI SI TAWI LA CHAMA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya mjini)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya shauri lililoletwa na wenzetu wa tawi moja. Katika mtaa wao imo klabu ya taarab. Wengi wa wapigaji wake, na wengi wa wanaoichangia kodi ya nyumba, ni wanachama wetu. Klabu hiyo ilialikwa kupiga katika sherehe ya chama kinachotawala, nayo ikaenda. Wenzetu wameudhika, na shauri lao ni hili: kwa kuwa sisi ndio wengi, tuichukue kamati, tutundike bendera yetu mlangoni, na asiyeridhika atafute pengine pa kupigia fidla yake.

Hatukuja hapa kuwakemea wenzetu. Hasira yao twaijua, kwani nasi tunayo. Lakini kabla mikono haijanyanyuliwa kupiga kura, twaomba ruhusa tuwakumbushe khabari ya nyumba zetu za muziki humu kisiwani, zilivyojengwa na yaliyozipata, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Taarab ilianza kwetu kuwa ni muziki wa jumbani. Wazee wanasimulia kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alimpeleka Misri Bwana Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga ganuni, na aliporudi akawa akimpigia Seyyid na wageni wake. Aliyekuwa nje ya ukuta aliusikia muziki huo kwa kadiri upepo ulivyompenda.

Mwaka 1905 watu wa mjini waliunda klabu yao, wakaiita Nadi Ikhwan Safaa. Jina hilo halikuokotwa njiani. Ikhwan Safaa wa kwanza walikuwa wanazuoni wa Basra, yapata miaka elfu iliyopita, walioandika risala nyingi za ilimu, na mojawapo ya risala hizo ni ya muziki. Maana yake ni ndugu wa usafi, yaani watu waliokutana kwa nia safi. Hawa wetu hawakungoja kuitwa jumbani wala kuajiriwa na mtu. Vyombo viliagizwa Misri, na baada ya kazi za mchana wakawa wanakaa jioni wakifundishana. Kilichokuwa cha mfalme na wageni wake kikawa na nyumba ya wanachama.

Tuangalie nyumba ya namna hiyo huendeshwa vipi, kwani aghlabu sisi tunaokwenda kusikiliza tunaiona siku ya Idi au siku ya harusi tu, watu wamevaa vizuri na taa zinawaka. Hatuioni siku za kawaida. Ganuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa sauti moja, na hewa yetu ya pwani haiziachi zitulie. Lazima awepo mtu wa kukaa nayo kabla wenzake hawajafika, akaze uzi mmoja mmoja. Lazima awepo wa kufungua mlango, wa kufagia, wa kuchemsha chai, wa kuandika daftari la ada, na wa kumwendea mwenye nyumba kumwomba asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Mpigaji mmoja mchana ni karani, mwenziwe ni fundi cherahani, wa tatu yuko bandarini. Hakuna mshahara. Fedha za kutunzwa, zile anazopewa mwimbaji mbele ya watu, kwa desturi ya klabu hizi huingia katika sanduku la wote, zikanunua nyuzi na kutengeneza kilichovunjika.

Ndugu zetu, mtu anayefanya kazi hiyo miaka ishirini bila ya kulipwa, nini kinachomrudisha kila jioni? Si bendera. Anarudi kwa sababu anajua kuwa nyumba ile ni yake sawasawa na alivyo mwenziwe aliyekaa naye bega kwa bega, na kwamba hakuna wa nje atakayeingia akamwambia, toka.

Lakini tusiipambe khabari hii kuliko ilivyo. Klabu ya 1905 ilikuwa ya wanaume wa mji, na kwa miaka mingi ya mwanzo nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Mtu wa Ng'ambo, mchukuzi au muuza samaki, hakuona kuwa mlango ule ulifunguliwa kwa ajili yake. Aliyewaimbia hao kwa lugha yao ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay akaimba katika santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Wanawake nao waliunda vyama vyao, kama Nur el-Uyun na Sahib el-Ari, na vingine wakavipa majina ya majeshi ya Mngereza, wakishindana kwa nguo na kwa mafumbo. Na mwaka 1958, mwaka ule ule Shaaban Robert alipotoa kitabu chake cha maisha ya Siti, vijana wa upande wa Afro-Shirazi walianzisha kikundi wakakiita Shime Kuokoana. Hicho ndicho baadaye kilichokuja kuitwa Culture Musical Club.

Tazameni sana hapo. Shime Kuokoana ilizaliwa ndani ya siasa, na hatusemi kuwa lilikuwa kosa la vijana wale, kwani walikuwa wamefungiwa milango mingi. Lakini ulikuwa ni wakati gani? Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 watu wa kisiwa hiki walianza kugomeana. Huyu hanunui duka la yule, huyu hapandi gari la yule, na ikafika hadi jirani kutokwenda maziko ya jirani yake. Nyumba ya ngoma, timu ya mpira, chama cha kuzikana, vyote vikaulizwa: nyinyi ni wa nani? Na asiyekuwa na jibu alipewa jibu na wengine. Uchaguzi wa Juni 1961 uliingia katika ghasia, watu 68 wakafa. Hatusemi kwamba waliuawa na muziki. Twasema kwamba ghasia zilipokuja hapakuwa tena na sehemu nyingi ambapo watu wa pande mbili walikuwa wamezoea kukaa pamoja, wakasikilizana.

Yakaja mapinduzi ya Januari 12, 1964. Vikundi vya muziki vikawekwa chini ya chama na serikali. Ikhwan Safaa ikavuliwa jina lake, watu wakawa wanaiita kwa jina la mtaa, Malindi. Klabu ambayo kwa karibu miaka 60 ilikuwa ikijiamulia mambo yake sasa ilikuwa na mkubwa juu yake. Tuseme haki: katika miaka hiyo wanawake na wanaume walikaa katika jukwaa moja, na watu wa Ng'ambo na wa mjini wakachanganyika kuliko zamani. Hayo ni mema, wala hatuyakani. Lakini mpigaji alijua kuwa wito ukija hana la kuamua, kwenda ni lazima. Na nyimbo gani ziimbwe, na zipi zinyamaziwe, halikuwa tena shauri la wanachama peke yao.

Sisi katika chama hiki tumelilalamikia jambo hilo tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Tumesema katika mikutano yetu kwamba si haki chama kuwa ndiyo serikali, na serikali kuwa ndiyo kila kitu, mpaka kiti cha mwenyekiti wa klabu ya mtaa. Leo tunaletewa shauri la kufanya lile lile, kwa bendera nyingine. Je, kosa lilikuwa ni rangi ya bendera?

Wenzetu watasema, sisi ni wengi mtaani, na wengi ndio huamua. Twajibu kwamba katika kuchagua diwani na mwakilishi ni kweli, na ndiyo sababu twadai kura zetu zihesabiwe. Lakini klabu haikujengwa kwa kura. Imejengwa kwa jioni za watu. Anayekaza nyuzi za ganuni, tukimtoa kwa kuwa kadi yake si yetu, kesho nani atazikaza? Fidla haitambui kadi, bali yataka mtu aliyeishika miaka mingi. Na tukiichukua leo kwa sababu tu wengi, wataichukua wao siku watakapokuwa wengi, na mwisho wake itabaki nyumba yenye bendera mlangoni na vyombo vilivyokatika nyuzi ndani. Waswahili walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tulikwisha kunyolewa mara moja. Tusishike wembe wenyewe.

Nadi Ikhwan Safaa ilitimiza miaka 100 mwaka 2005, na jina lake la 1905 imelirudia. Imepita katika zama za masultani, za Mngereza, za mapinduzi, za chama kimoja na za vyama vingi. Katika zama zote hizo walikuwapo watu waliorudi jioni wakakaa na vyombo vyao, hata pale jina lilipoondolewa. Tawala zilizojiona za milele zimekwisha, na klabu ipo. Hilo ni funzo kwa chama chochote, chetu kikiwa mbele.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, rai yetu ni hii. Kwanza, shauri la kuichukua kamati likataliwe. Pili, kila mwanachama wetu aliye katika klabu hiyo alipe ada yake na afanye zamu yake kama mwenziwe, na akigombea nafasi katika kamati agombee kwa kazi yake. Tatu, kama wanachama wa klabu wana kinyongo juu ya mialiko ya vyama, na wanayo haki ya kuwa nacho, wakae katika mkutano wao wenyewe waandike sharti moja kwa wote: chama chochote kikialika kilipe bei ile ile, na mpigaji asiyetaka kwenda abaki kwake bila ya kuulizwa wala kufukuzwa. Sharti hilo litamlinda kijana wetu leo, na litamlinda yule asiyekuwa wetu siku tutakaposhika sisi.

Na siku hiyo ikifika, inshallah, tutataka tuwe na nyumba japo moja mtaani ambayo tutaingia, tukavua viatu, tukakaa mkekani pamoja na tuliowashinda, tukamsikiliza mtu akipiga udi. Tukiivunja sasa, hatutaipata siku hiyo kwa amri ya serikali, hata serikali hiyo ikiwa ni yetu.

Shauri liko mbele yenu. Wabillahi tawfiq.