Baraka kati ya reli mbili: Kigoma 1914, Kalemie 1915



Nimeombwa nieleze jinsi reli ilivyoijenga nchi. Hapa Fizi, Kivu Kusini, inatupasa kuanza na jambo linalouma: reli zilizoijenga Kongo zilitupita, na athari za kupitwa huko tunazo hadi leo.

Februari 1914 Wajerumani walifikisha reli yao Kigoma kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Mwaka uliofuata kampuni ya CFL, ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ikafikisha ya kwake Kalemie kutoka Kabalo, kilomita 273. Baraka tuko kando ya Ziwa Tanganyika kama miji hiyo miwili, wala hatukupata hata kituo kidogo. Sababu kubwa ni ardhi. Mto Lukuga hutoka ziwani pale Kalemie ukateremka kwenda Lualaba, na reli ikafuata bonde lake. Nyuma yetu sisi kuna milima ya Itombwe, na mhandisi anayehesabu gharama huikwepa. Kisha mwaka 1921 Waingereza, waliokuwa wamechukua reli ya Wajerumani, wakawapa Wabelgiji sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam. Mzigo wa mashariki ya Kongo ukapata mlango wa Bahari ya Hindi kwa njia ya Kalemie.

Reli haikufika Kivu, lakini mkataba wake ulifika. Ili CFL ijenge, serikali ya kikoloni iliipa haki za ardhi na madini katika maeneo makubwa ya Kivu na Maniema. Mwaka 1928 zile za Kivu zikahamia mikononi mwa shirika la kikoloni, Comité National du Kivu. Nalisema hili kwa uchungu: ardhi ya wazee wetu ilitolewa kulipia garimoshi ambalo wengi wao hawakulipanda maishani.

Wengi humu mliishi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wakati wa vita, kwa hiyo Kigoma na Ujiji mnazijua. Zama za misafara, Ujiji ndiyo iliyokuwa soko kuu; aliyekwenda Kasongo au Nyangwe alivukia pale. Reli ilipokuja, iliishia Kigoma, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kwa kuwa ghuba yake ina kina na imekingwa na upepo. Forodha, maghala na ofisi vikawa Kigoma. Ujiji ilikuwa na watu, biashara na sifa ya miaka mingi. Ilikosa mahali pa meli kufunga kamba.

Nawakumbusha habari ya Ujiji kwa sababu reli inazungumzwa tena. Tanzania na Burundi zimekubaliana kujenga ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, na mipango inataja kuiendeleza hadi Uvira, kisha Kindu. Nasikia watu wakifurahi kana kwamba Uvira ikipata, Fizi nayo imepata. Sivyo. Tazameni ufuko wetu siku ya boti: mbebaji ameingia majini hadi kiunoni, gunia la ndagala kichwani, na mwenye mali amesimama mchangani akiomba lisilowe. Tazameni barabara ya Lulimba mvua zikianza, malori yamezama kwenye tope na mahindi yanaota ndani ya magunia. Kutoka hapa hadi Uvira ni karibu kilomita 90. Mzigo utakaofika umelowa, umechelewa na umelipiwa kila kizuizi, hautashindana na wa mtu anayeishi karibu na kituo.

Kwa hiyo tusianze kwa kuomba kituo. Tuombe kwanza gati Baraka, penye kina cha kutosha boti kubwa, na madaraja ya barabara ya RN5 yanayopitika masika. Pia twende mezani na hesabu zetu wenyewe. Napendekeza chama cha wavuvi na akina mama wauza ndagala waweke mizani na daftari ufukweni kuanzia msimu huu, waandike kila wiki kilo ngapi zimetoka na zimekwenda wapi; wakulima wa Lulimba wafanye vivyo hivyo kwa mahindi. Vijana wenye diploma, kazi ya kujumlisha madaftari hayo ni yenu.