Nguvu ya Kundi: Hujenga, Tena Hubomoa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nakuru)

Wanavikundi wapendwa, leo tuongee juu ya nguvu ya kundi.

Siku ya mchango, mama anaweza kukosa sukari nyumbani, lakini pesa za kikundi ataleta. Hakuna askari anayemlazimisha. Anaogopa aibu mbele ya wenzake, na anajua zamu yake pia itafika. Aibu hiyo imeezeka nyumba kwa mabati na kulipa karo za watoto wengi.

Lakini nguvu hiyo hiyo hubomoa. Sisi wa Bonde la Ufa tumeiona. Mwaka wa 1992, upande wa Molo na Olenguruone, majirani walichomeana nyumba. Mwisho wa Januari 2008 ghasia zikafika Nakuru mjini na Naivasha. Huko Naivasha watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Waki ilieleza kwamba kulikuwa na mipango. Ni kweli, lakini wapangaji siku zote ni wachache. Je, wale wengi hufuata kwa nini?

Kwanza, kila mtu hutazama mwenzake. Akiona amenyamaza, anadhani amekubali. Kumbe naye anaogopa vilevile. Pili, ndani ya kundi mtu husema, "Si mimi, ni sisi." Tatu, hakuna anayetaka kuitwa msaliti wa watu wake. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Lakini kortini kila mtu huitwa kwa jina lake, na mbele ya Mungu pia.

Basi tufanye nini?

1. Tuandike katika katiba ya kikundi, sasa wakati wa amani, kwamba hakuna mwanachama atakayetengwa kwa sababu ya kabila lake. Saa ya moto hakuna anayeandika.

2. Uvumi ukija, tuulize: ni nani ameona kwa macho yake?

3. Jambo likiwa zito, tupige kura ya siri. Mkono ukiinuliwa hutazamwa. Karatasi haina uso.

4. Mmoja akipinga ubaya, wa pili asimame naye haraka. Mtu mmoja hunyamazishwa, wawili husikizwa.

Mjadili kikundini: Ni lini mara ya mwisho tulikubali jambo kwa sababu tu wengine walinyamaza? Uchaguzi ukikaribia, ni nani kati yetu atahitaji kusimamiwa?