Bei Huria na Kahawa Iliyo Mtini



Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) azipange. Alikataa, akihofia kumdhulumu mtu katika mali yake. Wafanyabiashara wetu huipenda sana Hadithi hiyo. Husahau kuwa Mtume huyo huyo alikataza kuuza matunda kabla uzuri wake haujadhihirika.

Hiyo ndiyo butura yetu hapa Kagera: mwenye shida huuza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa. Je, huo ni uhuru? Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alifafanua kuwa wafanyabiashara wakila njama, mtawala ana haki ya kuingilia kati.

Miaka ya 1990 kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 2018 Serikali ikaamuru ipitie vyama vya ushirika na mnada. Amri ilikuwa na sababu. Lakini katazo halimlipii mtu karo ya Januari, na kahawa huvunwa katikati ya mwaka. Atauza kwa siri tu, asiwe na pa kushitaki.

Basi misikiti ya Rulenge ianzishe mfuko wa karadha njema, mkopo usio na riba, urejeshwe baada ya mavuno.