Mapatano Mbele ya Mbegu: Kiangazi Moja mu Bustani ya Bondeni

(Maneno ya timu ya tereni ku mukutano wa wanamemba wote, mwisho wa kiangazi)



Mulituomba tueleze namna bustani ya pamoja ilitembea kiangazi hii. Tunajua wengi wanangojea habari ya vitunguu, na tutafika kule. Lakini vitunguu vilipatikana sababu ya mapatano yenye tulifanya mbele ya mbegu ya kwanza kuingia mu udongo. Juu ya ile mapatano njo tunataka kusema leo.

Kila mumoja anajua namna tulifika hapa. Toka mwaka 2005 mashua zilianza kurudisha ndugu zetu toka Kigoma mupaka Baraka. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Nyarugusu, yenye ilifunguliwa mwaka 1996, ingali na watu wetu. Wenye walirudi walikuta mashamba ya wazazi yanalimwa na watu wengine. Wenye walibaki nao waliona vita, wakatunza ule udongo miaka yote, na hawakuelewa sababu gani watoke. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliahidi ordonansi ya Prezida juu ya haki za udongo wa desturi, lakini miaka na miaka ile ordonansi haikutoka. Njo maana mutu anaweza kulima maisha yake yote bila karatasi hata moja mukononi.

Basi, bonde ni mahali pa kugombania kuliko pengine pote. Kuanzia mwezi wa 6 mupaka mwezi wa 9 milima inakauka, na lengalenga inapanda bei ku soko. Mama mwenye iko na maji karibu anaweza kununulia watoto madaftari na iniforme wakati masomo inaanza. Mwenye hana maji, anangojea mvua.

Mapatano ya kwanza ilikuwa ya udongo. Mwezi wa 5, mbele ya kufyeka, tulienda kwa mwenye bonde pamoja na wajumbe wa warapatriye na wa wale wenye walibaki, shefu wa kijiji akiwa pale. Tuliandika karatasi: bonde ni la kutumia kiangazi mbili, mipaka ni ile miti yenye tulionyeshana, na mwenye bonde atapata matuta mawili, yenye sisi wote tutamwagilia. Yeye aliweka sahihi, shefu akaweka sahihi, na mashahidi pia. Wengine walinungunika kama tunachelewesha kazi.

Mwezi wa 8, bonde likiwa kijani, watoto wa mwenye bonde walikuja kudai sehemu kubwa, na baba yao alikuwa safarini. Shefu alitosha karatasi yenye ilibaki kwake, akaisoma mbele ya watu wote, na vijana wakarudi nyumbani bila fujo. Ku ngambo ya kijito, kikundi kingine chenye kilikuwa na ahadi ya mudomo tu kiliondolewa wakati nyanya zilianza kuwa nyekundu. Wale walilima na majembe kama yetu, na jasho kama letu.

Mapatano ya pili ilikuwa ya matuta. Warapatriye waliogopa kupewa matuta ya mbali na maji. Wenye walibaki walisema wao njo wanajua bonde, basi wachague wa kwanza. Tuliandika namba ku tukaratasi, tukatia mu kofia, kila mutu akatosha yake. Mutu mwenye alitoka Lugufu akajikuta kando ya mutu mwenye hakuvuka Ziwa hata siku moja.

Matunda ya ile kura tuliyaona. Ku kambi za Tanzania, mutu hakuruhusiwa kupita kilometre 4 bila karatasi ya ruhusa. Njo maana wamama walijifunza kukuza mboga mu gunia kando ya nyumba, na maji ya kuoshea vyombo. Walituonyesha namna tone la maji halipotei. Wenye walibaki walijua mahali maji inatokea, na udongo gani unapasuka jua likizidi. Vijana wenye walizaliwa ku kambi, wenye hawakuwa na shamba hata siku moja, walifundishwa na jirani wa tuta namna ya kufungua na kufunga mufereji. Hakuna semina yenye ingefanya vile.

Mapatano ya tatu ilikuwa ya maji. Wakati wa jua kali, tuta la metre 10 kwa metre 1 linaomba karibu litri 40 kwa siku, ni kusema bido 2. Tuliandika vile: bido 2 kwa kila tuta, moja asubuhi mapema, moja jioni, na majani makavu juu ya udongo ili usikauke mbio. Hakuna mwenye kuziba kijito.

Lakini mwezi wa 8 kijito kilipunguka. Maneno ikaanza: wale wa juu wanachota usiku. Musemo kama ule unaweza kuvunja kikundi kwa juma moja, hasa mahali watu wamekwisha kukimbiana. Tulifanya hivi: siku tatu, muchana na usiku, watu wawili, mumoja wa kila upande, walikaa pamoja ku maji na kuhesabu bido. Hesabu ilionyesha kama hakuna mwizi. Maji yenyewe haikutosha tena matuta yote.

Tulikaa chini ya mwembe na kuchagua. Shu zilikuwa bado changa, na shu inakunywa maji mingi. Vitunguu vilikuwa karibu kukomaa, na kitunguu shingo yake ikianza kuinama, hakiombi tena maji mingi. Tuliacha shu zife ili tuokoe vitunguu. Mama mumoja aliuliza mbele ya wote nani atamulipa jasho lake. Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa mu daftari toka mwezi wa 5: mwenye anapoteza tuta juu ya uamuzi wa kikundi, anapata sehemu mu kile chenye kimeokolewa. Siku ya kugawa vitunguu, wale wa shu walipokea sawa na wengine. Hakuna mwenye alibisha, sababu kila mumoja alijua kama kesho inaweza kuwa zamu yake.

Sasa tuseme juu ya kesho. Karatasi ya bonde inamalizika kisha kiangazi yenye inakuja, na mbegu za muradi hazitakuja tena. Mbele ya kuachana leo, tunaomba mukate maneno juu ya mambo tatu.

Moja: komite iende kwa mwenye bonde mwezi huu, wakati yeye pia amekula ku bustani. Tusingojee mwezi wa 5.

Mbili: tuanzishe kese ya mbegu. Lengalenga, biringanya na nyanya za kienyeji, tunaweza kutunza mbegu zetu wenyewe. Kitunguu kinatoa mbegu mwaka wake wa pili, basi wengi wetu tutainunua. Kila mutu aache kitu kidogo ku feza ya vitunguu mbele haijamalizika.

Tatu: namba za matuta zichezwe tena mu kofia, na daftari iseme tuta gani lilibeba nini. Nyanya, biringanya na pilipili ni jamaa moja na magonjwa yao ni mamoja. Zisifuatane mu tuta moja. Mahali zilikuwa, tupande maharagi ao lengalenga.

Nakala ya karatasi na daftari viko kwa sekretere. Kila mwanamemba iko na haki ya kuviona, na mwenye anajua kusoma amusomee jirani yake. Sisi wa timu tutahamishwa siku moja, ile ni kazi yetu. Mapatano inapashwa kubaki mu vichwa vyenu na mu masanduku yenu.

Sasa neno ni lenu.