Mtu mmoja anaweza nini?
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, Baraka)



Komite iliniomba niseme juu ya mtu aliyebadilisha dunia kwa kazi yake. Kijana mmoja aliponisikia naandaa hotuba akaniambia, "Utatuletea Mzungu wa taa ya umeme, na hapa umeme hatuna." Tulicheka. Lakini mkutano uliopita ni yeye huyo aliyesimama akauliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua. Tulikuwa tunazungumza juu ya wale vijana wetu wanaosimama kando ya ziwa asubuhi na jioni, wanatia klore ndani ya bidoni za watu. Munajua mradi unaowapa kitu kidogo unaisha mwezi ujao. Akasema: "Mtu mmoja na sindano ya klore, mbele ya ziwa zima la Tanganyika, atabadilisha nini?"

Leo nataka kumjibu, na sitamleta Mzungu. Nitamleta Mkongomani.

Jina lake Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Alizaliwa 1942 kule Bandundu. Alisoma udaktari Kinshasa, akamaliza 1969, kisha akaenda Ubelgiji, Leuven, kusomea mambo ya virusi. Angeweza kubaki huko. Akarudi nyumbani. Na sisi tuliorudi tunajua vile kurudi kunakuwa: unafika, unatafuta nyumba uliyoacha, unakuta majani. Yeye pia alikuta majani yake. Labo ya kufanyia kazi aliyosomea haikuwepo, hata panya wa majaribio hakuna. Masomo yote yale, halafu mikono mitupu. Basi akaamua: kama labo haipo, nitaenda kule wagonjwa waliko.

1976 habari ikafika Kinshasa kwamba Yambuku, kule Ekwateri, watu wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana, kwenye hospitali ya misioni ya masista wa Kibelgiji. Akatumwa. Hakuwa na glavu. Alipotoa damu kwa wagonjwa, akachomoa sindano, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: damu haikomi, inaendelea kutiririka pale sindano ilipoingia. Vidole vyake vikajaa damu. Alifanya nini? Alinawa kwa maji na sabuni. Basi. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba hilo lilimwokoa. Nawaomba mushike hayo maji na sabuni, tutarudi kwao.

Kulikuwa na sista mmoja mgonjwa. Muyembe akambembeleza wasafiri pamoja mpaka Kinshasa. Sista akafa huko, lakini damu yake ilipelekwa Ubelgiji, na wataalamu wa huko, na wa Uingereza na Marekani, wakaona ni kirusi kipya kabisa. Kikaitwa Ebola, jina la mto ulio katika eneo lile. Katika mlipuko ule watu 318 waliugua, na 280 walikufa.

Sasa sikilizeni. Kwa miaka mingi habari hiyo ilipoandikwa huko Ulaya na Marekani, majina yaliyotangulia yalikuwa ya wale waliotazama damu kwenye darubini. Yule aliyeikusanya kwa mikono bila glavu alitajwa kidogo, au hakutajwa. Je, aliacha kazi kwa hasira? Hapana. Aliendelea.

1995 Ebola ikaingia Kikwit. Watu zaidi ya 300 wakaugua, dawa hakuna. Muyembe akawaza hivi: huyu aliyepona, mwili wake umeshinda ugonjwa, basi ndani ya damu yake lazima kuna kitu kilichopigana na kushinda. Mbona tusimpe mgonjwa damu hiyo? Wakawapa wagonjwa 8. Wakapona 7. Wakubwa wengi wa sayansi hawakukubali. Walisema watu ni wachache, na hakukuwa na wagonjwa wengine wa kulinganisha nao, labda wangepona tu. Kusema kweli, hoja yao ilikuwa na maana: watu 8 hawatoshi kuthibitisha dawa. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa, na yeye hakulitupa.

2006, miaka 11 baada ya Kikwit, mtu mmoja aliyepona kule alikubali kutoa damu yake. Watafiti wa Marekani, wakishirikiana na Muyembe na labo yake ya taifa, ile INRB ya Kinshasa, wakachambua damu hiyo. Ndani yake wakapata askari mmoja wa mwili anayejua kukamata Ebola vizuri. Wakamzidisha, akawa dawa. Wakaiita mAb114.

Mwaka 2018 Ebola ilipowaka Beni na Butembo, dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu, hapa hapa Kongo, safari hii kwa utaratibu ambao hakuna mtu wa kuudharau. Agosti 2019 majibu yakatoka: dawa mbili zilishinda, na moja ni ile iliyotoka kwa damu ya Kikwit. Kwa wagonjwa waliowahi kufika kabla virusi havijawa vingi mwilini, karibu 9 kati ya 10 walipona. Ugonjwa ambao Yambuku ulikuwa sawa na hukumu ya kifo, sasa una dawa. Kutoka ile sindano ya 1976 mpaka majibu ya 2019 ni miaka 43.

Na musifikiri hayo ni mambo ya mbali. Mwezi ule ule wa Agosti 2019 Ebola iliingia Mwenga. Mwenga ni teritware jirani yetu! Wengi wenu munakumbuka woga ule, kunawa mikono kila barabarani, watu kupimwa joto. Ilizimwa huko huko Mwenga kwa sababu chanjo ilikuwepo, dawa ilikuwepo, na watu waliojua kazi walikuwepo. Wakati huo aliyekuwa anaongoza mapambano yote nchini alikuwa yule yule daktari aliyerudi akakuta labo hakuna.

Sasa nirudi kwa kijana wetu na swali lake. Mtu mmoja anaweza nini?

Kwanza, anaweza kuanza na kile kilicho mkononi. Muyembe hakusema, "Nipeni kwanza labo kama ya Leuven." Sisi tulizoea kambini, Nyarugusu na Lugufu, kungoja: kungoja mgao, kungoja kadi, kungoja boti ya HCR. Siwalaumu, hata kungoja kule kulikuwa kazi. Lakini ugonjwa hautungoji.

Pili, hakuwa peke yake kamwe, na nisipolisema hili nitakuwa nimewadanganya. Yule aliyepona Kikwit, bila mkono wake kunyooshwa, hakuna dawa. Jina lake si maarufu. Wauguzi wa Yambuku na Kikwit, wengine walikufa wakihudumia. Na kule Beni na Butembo, watu waliopona Ebola ndio walioingia kulea watoto wa wagonjwa, kwa sababu ugonjwa haukuwarudia kwa urahisi. Mtu mmoja anabadilisha dunia pale wengine wanapokubali kushika naye upande mmoja wa mzigo. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Tatu, na hili ndilo linanigusa zaidi: dawa ilikuwa ndani ya mtu aliyepita kwenye mateso na kupona. Watu walimwona kama mtu wa kuogopwa, kumbe amebeba uzima wa wengine. Wandugu, sisi tunaitwa warapatriye, na wakati mwingine jina hilo linatamkwa kama tusi, kama watu waliorudi na mikono mitupu kugombania mashamba. Lakini ni nani hapa ndani hakuona kolera kambini? Nani hajui kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara? Hayo tuliyajifunza kwa machozi. Ni mali.

Ndiyo maana nasema yule kijana na sindano yake si mtu mdogo. Munajua hapa kwetu kolera haiishi, inalala tu, mvua zikija inaamka. Tone lile la klore kwa bidoni ya lita 20, halafu mama anangoja nusu saa kabla ya mtoto kunywa: hiyo ndiyo sabuni ya Yambuku. Haionekani, hakuna atakayeandika jina lake. Mtoto ambaye hakuugua hajui kwamba aliokolewa.

Mimi ni mfanyakazi wa shirika, na sitawaahidi kitu nisichokuwa nacho. Sijui kama mradi mwingine utakuja. Ninachoomba kiko kwenye ajenda, mutakipigia kura baada yangu: kila mwanachama atoe franga kidogo kwa mwezi kwenye sanduku la chama, kwa ajili ya vijana wa ziwa, na kwa zamu, kila familia itoe mtu wa kusimama nao asubuhi moja. Klore yenyewe tutaiomba zoni ya afya, na mimi nitaenda na komite kuiomba. Na waliowahi kuugua kolera wakapona, nawaomba wasimame wa kwanza. Mama akikataa klore kwa sababu ya harufu, hatanisikia mimi mwenye diplome. Atamsikia yule anayemwambia, "Mama, mimi nililala kwenye kile kitanda chenye tundu."

Kijana wangu, uliuliza mtu mmoja atabadilisha nini mbele ya ziwa zima. Ziwa hatubadilishi. Tunabadilisha bidoni moja, halafu inayofuata.

 Bwana Prezida, nakurudishia neno.