Fedha Zimetoka, Shamba Halijahama



Tumeombwa tuzungumze juu ya uuzaji wa ardhi. Tutaanza na karatasi ambayo wengi wenu mmeifungia sandukuni: makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee, yakapigwa muhuri wa chifu. Karatasi hiyo si bure. Ni ushahidi kwamba mtu alilipwa. Lakini haihamishi hata hatua moja ya ardhi.

Kwa mashamba ya kilimo, kama yale ya Kano, Seme na Nyakach, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka kibali cha bodi ya eneo, na ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu makubaliano kufanywa. Muda ukipita bila ombi, na mahakama isipouongeza, mauzo ni batili. Hapo mnunuzi, ambaye amekwisha kujenga na kupanda miembe, huambiwa kwamba haki yake ni kurudishiwa fedha kama deni. Fedha zilizonunua shamba zima miaka 15 iliyopita leo zitanunua nini? Na ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo humhesabu kuwa mkosaji akiendelea kukaa pale kwa mauzo batili.

Mahakama ya Rufani yenyewe iligawanyika. Mwaka wa 2014 jopo moja lilisema kwamba muuzaji aliyepokea fedha na kukabidhi shamba humshikia mnunuzi ardhi hiyo kwa dhamana; jopo jingine, mwaka uo huo, likasema batili ni batili. Mwaka wa 2018, kule Eldoret, majaji waliegemea upande wa kwanza, wakitaja insafu iliyomo katika Katiba ya 2010. Basi tumaini lipo, ila ni tumaini la kesi ya miaka mingi.

Penye maumivu zaidi ni hapa: shamba lingali na jina la babu aliyefariki, na mjukuu analiuza. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, humkataza hata msimamizi wa mirathi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha hati yake. Tumewaona wajane wakilala katika nyumba iliyouzwa wasijue. Tumewaona pia walimu waliotoa malipo ya uzeeni kwa shamba lisilokuwa la muuzaji. Wote wamedhulumiwa, na aliyekula fedha hayupo.

Waliopigania kufutwa kwa Kifungu cha 2A, mwezi Desemba 1991, walidai serikali ijibu mbele ya sheria. Basi daftari la ardhi nalo lijibu: kila mmoja wenu anaweza kulipekua kwa ada kabla ya kutoa shilingi.

Ambaye miezi yake 6 haijaisha, apeleke ombi wiki hii. Aliyechelewa amwombe msajili aweke ilani ya kuzuia shamba lisiuzwe tena, kisha afike Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Kisumu aombe muda. Aje na karatasi ile, risiti zake, na mashahidi wangali hai.