MWALIMU WA MBIO NA DENI LA TAIFA

Mkimbiaji aletaye nishani nyumbani hutangazwa redioni, hupokewa kwa ngoma uwanja wa ndege, na watoto wanaozaliwa mwaka ule hupewa jina lake. Mwalimu aliyesimama kando ya uwanja kwa miaka minne au mitano, saa mkononi, juani na mvuani, mara nyingi hatajwi kabisa. Mazungumzo ya leo yanahusu kazi ya mwalimu mmoja wa namna hiyo. Ni mwana wa Burundi aliyefundisha mbio kwa miaka mingi ugenini, katika mji wa Austin, jimbo la Texas, Marekani. Jina lake ni Gilbert Tuhabonye.

Tuhabonye alizaliwa mwaka 1974 huko Songa, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Bururi, katika jamaa ya wakulima na wafugaji. Kama watoto wengi wa milimani, alijua kukimbia kabla ya kujua kwamba kukimbia ni mchezo wenye kanuni zake. Alikimbia kwenda kisimani, alikimbia nyuma ya ng'ombe, alikimbia kwenda shule. Baadaye alipelekwa bweni katika shule ya Kibimba, mkoani Gitega, shule iliyoanzishwa na misheni ya Kanisa la Marafiki. Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana, na angali mwanafunzi akawa bingwa wa taifa wa mbio za mita 400 na za mita 800.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura katika jaribio la kuipindua serikali iliyochaguliwa na wananchi. Siku ile ile moto wa chuki ulifika Kibimba. Wanafunzi na walimu wa Kitutsi walikamatwa, wakafungwa pamoja katika jengo la kituo cha mafuta, na jengo likachomwa moto. Makumi ya watu walikufa humo. Tuhabonye alikaa kwa saa nyingi chini ya miili ya wenzake, kisha akavunja dirisha, akatoka akiwa na majeraha makubwa ya moto, akakimbia gizani. Katika siku na miezi iliyofuata, Wahutu kwa Watutsi waliuawa kwa maelfu katika pembe zote za nchi, na vita vilivyozuka viliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mahali pale Kibimba leo pana mnara wa kumbukumbu wenye maneno ya Kifaransa yasemayo kwamba jambo lile lisitokee tena kamwe.

Kijana aliyeunguzwa mgongo na miguu hakutazamiwa kukimbia tena. Ngozi iliyopona kwa moto hukaza, na mguu usiokunjuka hauwezi kupiga hatua ndefu. Hata hivyo Tuhabonye alianza upya, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mbio za taratibu, hata akarudi katika mashindano. Mwaka 1996 alipelekwa jimbo la Georgia, Marekani, katika kambi iliyowakusanya wanariadha wa nchi changa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Hakubahatika kuvaa jezi ya Burundi katika michezo ile. Alichopata ni nafasi ya kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Abilene Christian, huko Texas.

Katika vyuo vya Marekani mwalimu wa riadha ni mtumishi wa chuo kama alivyo mwalimu wa hesabu. Hulipwa mshahara, hupewa uwanja, daktari na wasaidizi, na hupewa uwezo wa kumtafutia kijana hodari ufadhili wa masomo. Mwanafunzi anayepita mikononi mwake hutoka na vitu viwili, yaani shahada na elimu ya mazoezi. Tuhabonye alivipata vyote viwili. Alipohamia Austin alifanya kazi katika duka la viatu vya mbio, na pale pale akaanza kuwafundisha watu kukimbia. Mwaka 2002 kundi lake likapata jina, likaitwa Gilbert's Gazelles, yaani swala wa Gilbert. Waliomfuata walikuwa makarani, wauguzi, akina mama wa nyumbani, na wazee waliotaka kumaliza marathoni moja maishani mwao. Pamoja na hao, alifundisha pia vijana wa shule ya sekondari ya St. Andrew's katika mji huo huo.

Wako wanaodhani kwamba kufundisha mbio ni kumwambia mtu akimbie. Mbio za mita 800 ni mizunguko miwili tu ya uwanja, lakini ni miongoni mwa mbio ngumu kuliko zote. Mkimbiaji akitoka kwa pupa, miguu humgeuka jiwe akifika mita 600; akitoka kwa woga, wenzake humwacha na hawakamati tena. Mwalimu ndiye anayeigawa kazi hiyo. Leo mita 200 mara nane kwa mapumziko mafupi, kesho mwendo mrefu wa polepole, keshokutwa mapumziko. Anatazama namna mguu unavyokanyaga, namna mabega yanavyopanda kijana anapochoka, na anajua siku ya kumwambia hodari wake aende nyumbani akalale. Zaidi ya hayo yote, Tuhabonye aliwasisitizia wanafunzi wake kukimbia kwa furaha. Neno hilo likitoka kwa mtu mwingine lingepita kama upepo. Kwake yeye lina uzito, maana waliolisikia waliyaona makovu yake.

Ndugu wasikilizaji, Atlanta ilikuwa na somo jingine la Warundi. Burundi ilikuwa inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Dieudonné Kwizera, aliyesoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Nebraska, alikosa michezo ya 1988 na ya 1992 kwa sababu nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Vénuste Niyongabo, aliyetazamiwa kushinda katika mita 1500, alimwachia mwenzake huyo nafasi yake. Yeye akaingia mita 5000, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo. Tarehe 3 Agosti 1996 alishinda kwa dakika 13, sekunde 7.96. Siku chache kabla ya hapo serikali ilikuwa imepinduliwa Bujumbura, na nchi jirani zilikuwa zimeamua huko Arusha kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Katika juma hilo la giza, bendera ya Burundi ilipandishwa juu kuliko zote kwa sababu mtu mmoja alikubali kumpisha mwenziwe.

Baada ya nishani ile ilipita miaka ishirini hata Francine Niyonsaba alipopata ya fedha katika mita 800 huko Rio de Janeiro, mwaka 2016. Hizo ndizo nishani mbili za Olimpiki za Burundi hadi Michezo ya Paris ya 2024. Je, milima imepungua? Je, watoto wameacha kukimbia? La hasha. Nyanda za juu za Mugamba, zenye hewa nyepesi ya zaidi ya mita 2000 juu ya usawa wa bahari, ziko pale pale. Vipaji vipo, walimu wa kuvikuza ndio wachache. Shule nyingi zina kiwanja, lakini hazina mtu aliyesomea kazi ya kukitumia. Anayejitolea hufanya hivyo baada ya saa za darasani, bila malipo, na mara nyingi bila hata saa ya kupimia mbio.

Husemwa mara kwa mara kwamba waliokwenda ng'ambo wameitupa nchi. Lawama hiyo haina haki kwa Tuhabonye. Mwaka 2006 alishirikiana na wenzake kuanzisha Wakfu wa Gazelle, na fedha zinazochangwa na wakimbiaji wa Austin zimeleta maji safi kwa maelfu ya watu vijijini Burundi. Maji hutoka katika chemchemi za milimani, hushuka kwa mabomba kwa nguvu ya mteremko, bila pampu wala mafuta. Mabomba hayo hayamwulizi anayekinga ndoo kama ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Aliyechomwa moto na watu wa nchi yake ameijibu nchi hiyo kwa maji. Anayemlaumu mtu huyo kwa kuishi mbali, kwanza ajiulize kama yeye aliye karibu amechimba hata mfereji mmoja.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini methali hiyo ni ahadi, na ahadi hutimizwa na wenyeji wa ngoma, si na mchezaji. Mwalimu wa mbio atabaki Bujumbura, Gitega au Ngozi iwapo kazi yake itahesabiwa kuwa kazi: awemo katika orodha ya walimu wa shule, apewe mafunzo na mshahara, na jina lake litajwe siku ya ushindi. Haihitaji mali nyingi kuanza. Uwanja wa udongo, saa moja, na mtu mmoja anayejua vinatosha kumwanzisha mtoto wa kilimani. Wasipopatikana watu hao nchini, vijana wa milima hii wataendelea kufundishwa ugenini, na Burundi itaendelea kusikia habari zao kwa mbali, redioni.